Nyumba Chini ya Mlima Hanang: Familia za Kikristo za Balangdalalu Katika Miaka ya Taabu

Vitabu vya historia ya sharika kwa kawaida huanza na jiwe la msingi, hufuatia orodha ya wachungaji na wainjilisti, na kumalizia kwa hesabu ya waliobatizwa na kupata kipaimara. Mambo hayo ni ya lazima, wala hakuna atakayeyadharau. Lakini kabla jiwe la msingi halijawekwa mahali popote, huwapo nyumba moja au mbili ambamo baba na mama wamekubaliana kuomba pamoja na watoto wao. Kanisa huota kwanza katika nyumba hizo. Kwa sababu hiyo, wakati wa kuadhimisha miaka mia moja ya neema ya Mungu, inafaa pia kukumbuka habari za nyumba hizo, na hasa nyumba zilizojengwa mahali pagumu.

Balangdalalu ni mojawapo ya mahali hapo. Ni kata ya Wilaya ya Hanang, katika Mkoa wa Manyara uliozaliwa mwaka 2002 kwa kugawanywa kwa Mkoa wa Arusha. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, husimama peke yake juu ya uwanda, na wenyeji huutazama kila asubuhi ili wajue kama mvua i karibu. Chini yake yako maziwa mawili ya chumvi, Balangida na Balangida Lelu. Mvua zikikoma, maji hupungua, na mahali palipokuwa na ziwa hubaki uwanda mweupe unaometa juani. Watu huenda kukusanya chumvi pale. Ng'ombe huipenda chumvi hiyo, lakini hakuna mtu awezaye kunywa maji yake. Hivyo mwenyeji wa nchi ile hujifunza tangu utoto kwamba mtu aweza kukaa kando ya maji mengi na bado akaona kiu.

Mataifa manne katika bonde moja

Nchi ya Mbulu na Hanang ina jambo lisilopatikana kwa urahisi mahali pengine Afrika. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao kundi lao kubwa katika Hanang huitwa Wabarabaig, husema lugha ya Kiniloti. Wanyaturu na Wanyiramba, majirani wa upande wa Singida, ni Wabantu. Na katika bonde la Yaeda wamo Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa matunda ya pori, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Watu hawa wamekutana katika malisho, minadani na visimani kwa vizazi vingi.

Kukutana huko hakukuwa kwa amani siku zote. Wairaqw walikuwa wakulima wa milimani, na katika karne ya ishirini waliongezeka, wakashuka toka Kainamu na nchi ya asili yao kwenda Karatu, Dongobesh, Haydom na mabonde ya Hanang wakitafuta mashamba. Wabarabaig walikuwa wafugaji waliohama na mifugo yao kwa kufuata majani, maji na chumvi. Kila shamba jipya lililolimwa lilikuwa malisho yaliyopotea. Kwa upande mwingine, kwa desturi ya zamani kijana wa Kibarabaig alipata heshima kwa kuua mnyama mkali kama simba, na nyakati nyingine heshima hiyo ilitafutwa kwa damu ya mtu wa kabila jingine. Serikali ya Waingereza ilijibu kwa adhabu za pamoja, na jamii nzima ikatozwa ng'ombe kwa kosa la mmoja. Hivyo hofu ilikaa pande zote mbili. Mkulima wa Kiiraqw aliogopa mkuki, na mfugaji wa Kibarabaig aliogopa jembe na polisi.

Hata hivyo palikuwa na milango. Watu walioana, walipeana mifugo kwa kutunziana, na wakati wa njaa walikimbiliana. Wahubiri wa Injili walipofika, walikuta mlango huo ulikwisha kufunguliwa kidogo na shida za watu wenyewe.

Injili inafika kwa njia ya mzunguko

Misioni ya Kilutheri ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, ikaenea hadi Meru na Arusha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika mpaka Misioni ya Augustana kutoka Marekani ilipokuja kusaidia. Baadaye Waaugustana waliishika kazi ya Iramba na Singida, na kwa njia hiyo Ulutheri ukakaribia nchi ya Hanang kwa upande wa magharibi.

Kwa upande wa Mbulu, mlango ulifunguka kutokana na taabu iliyotokea mbali. Misioni ya Kilutheri ya Norwe ilikuwa imefanya kazi kwa miaka mingi nchini China. Mageuzi ya mwaka 1949 yalipowafungia wamisionari kazi yao huko, misioni hiyo ilitafuta mashamba mapya ya kupanda Neno, na Tanganyika ikawa mojawapo. Waliotoka China walikuwa wameacha makanisa na makaburi ya wapendwa wao. Wanorwe walianza kazi katika nchi ya Wairaqw, na mwaka 1955 hospitali ya Haydom ilifunguliwa, mahali ambapo wakati ule palionekana kuwa mwisho wa dunia. Familia nyingi za Mbulu na Hanang zilimsikia Kristo akitajwa kwa mara ya kwanza zilipokuwa zimemleta mgonjwa.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kanisa la Wairaqw lilikuwa miongoni mwa hayo saba. Lilikuwa changa sana likilinganishwa na makanisa ya Kilimanjaro, Usambara au Buhaya. Wakristo wake wengi walikuwa wa kizazi cha kwanza, yaani watu ambao baba na mama zao hawakubatizwa. Mtu wa namna hiyo hakuwa na mfano wa kuuiga. Hakuwahi kumwona baba yake akiongoza sala mezani, wala hakujua namna Mkristo anavyozika, anavyooza binti, au anavyokaa na jirani aliyemkosea. Kila jambo ilibidi lijaribiwe kwa mara ya kwanza, na mara nyingi lilijaribiwa wakati wa msiba.

Nyumba iliyotengwa

Jaribu la kwanza lilikuwa hofu ya msiba wenyewe. Kwa jadi ya Wairaqw, nyumba iliyopatwa na mikosi ya namna fulani ilitengwa. Hali hiyo iliitwa metimani. Mama aliyeharibu mimba, mjane aliyefiwa na mume, au nyumba ambamo binti alishika mimba kabla ya kuolewa, walihesabiwa kuwa wamebeba hatari iwezayo kuenea. Watu wa nyumba hiyo hawakuingia katika nyumba za wengine, hawakula nao, wala hawakuchota maji mahali pamoja nao. Kutengwa huko kuliweza kudumu kwa miezi mingi. Binti mwenye mimba alifukuzwa kwao, na wengine walipata hifadhi ugenini, hata katika nyumba za Wadatoga, wakaolewa huko.

Si haki kuidharau desturi hiyo kana kwamba ilitungwa na watu wasio na huruma. Wazee waliishika kwa sababu waliwapenda waliobaki hai, nao waliona ni wajibu wao kuzuia kifo kisiingie nyumba ya pili. Lakini uzito wake ulimwangukia yule ambaye tayari alikuwa ameumia. Mama aliyefiwa alizika, kisha akabaki peke yake, na watoto wake wakakosa wa kucheza nao.

Hapo ndipo familia za Kikristo zilipotakiwa kuchagua, na uchaguzi huo haukuwa wa maneno. Kwenda kumtembelea aliyetengwa, kuketi katika nyumba yake, kula ugali wake na kuomba pamoja naye, kulimaanisha kwamba mgeni naye angehesabiwa kuwa mchafu. Angeweza kukatazwa kisima, na mtoto wake akiugua baadaye, jirani wangesema ni malipo. Na kweli watoto waliugua, kwa maana malaria na surua hazikuchagua nyumba. Kuamini katika mazingira hayo ilikuwa kumwamini Mungu pasipo uthibitisho wa haraka. Mkristo hakuahidiwa kwamba mtoto wake hatakufa. Aliahidiwa kwamba, hata mtoto akifa, hataachwa peke yake.

Imani ile ilionekana kwa macho. Waliokuwa wamekaa pembeni waliona watu wakija mlangoni, wakishikana mikono na mfiwa, wakiimba, wakichota maji kwa niaba yake. Kwa wengi hilo lilikuwa hubiri kubwa kuliko lile la mimbarini. Wazee wa kanisa wa kizazi kile walijua kwamba mstari kati ya imani na ukaidi ni mwembamba, na kwamba jambo hilo lilihitaji kufanywa kwa upole, bila kuwatukana wazazi. Pale lilipofanywa kwa kejeli, lilivunja nyumba. Pale lilipofanywa kwa upendo, liliongeza nyumba kwa Kanisa.

Ndoa, ng'ombe na Meza ya Bwana

Jaribu la pili lilikuwa ndoa. Katika jamii ya wafugaji, wake wengi na watoto wengi ndio nguvu kazi, ndio undugu na ndio heshima ya mwanamume. Kanisa la Kilutheri, kama makanisa mengine ya misioni, lilifundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa kijana ambaye hajaoa, fundisho hilo lilikuwa gumu lakini liliwezekana. Kwa mzee aliyekwisha kuwa na wake watatu, lilikuwa fumbo la machozi. Kuwaacha wawili ili abatizwe ilikuwa kuwatupa wanawake wasio na hatia pamoja na watoto wao. Kukaa nao wote ilikuwa kukaa nje ya Meza ya Bwana. Mara nyingi wake na watoto walipokelewa kwa ubatizo, na mume akabaki mlangoni mwa kanisa, akiwaleta wa nyumbani mwake kila Jumapili na kuwangojea nje, chini ya mti. Historia ya Kanisa haina budi kuwataja wazee hao kwa heshima. Walilipa gharama ya Injili pasipo kuonja Meza yake.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba mwanamke wa Kidatoga alingoja wamisionari wamletee heshima. Katika mila za Wabarabaig mke huingia katika ndoa akiwa na ng'ombe aliopewa na watu wa kwao, na ng'ombe hao wana nafasi yao katika mji wa mumewe. Sketi yake ya ngozi ni vazi lenye heshima ya kidini. Wanawake wana baraza lao lenye mamlaka ya kumhukumu mwanamume aliyevunja heshima ya mwanamke, hasa mama mzazi, na kumtoza ng'ombe. Waliokuja na Injili wangeweza kujifunza kwa baraza hilo. Pale mafundisho ya ndoa yalipojengwa juu ya heshima iliyokuwapo, mwanamke alisimama imara zaidi. Pale heshima hiyo ilipopuuzwa kwa kuhesabiwa kuwa ya kipagani, mwanamke alipoteza baraza lake la kale kabla hajapata la kanisa.

Hivyo nyumba ya Kikristo Balangdalalu haikujengwa kwa kubomoa kila kitu. Ilijengwa kwa kuchagua kwa uangalifu, jambo moja baada ya jingine, mara nyingi kwa mabishano kati ya mume na mke usiku baada ya watoto kulala.

Mfano wa nyumba ya Wittenberg

Katika mafundisho ya kipaimara, watoto wa kizazi kile waliikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Wengi waliikariri kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi zao hawakuielewa vizuri, kisha jioni wakawaeleza wazee kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga. Kwa njia hiyo mtoto akawa mwalimu wa nyumba, jambo lililowashangaza wazee katika jamii ambayo hekima hutoka juu kwenda chini.

Inafaa kukumbuka kwamba Katekisimo hiyo yenyewe ilitoka katika nyumba yenye taabu. Luther alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na wengi wakaukimbia mji. Luther na mkewe, aliyekuwa mjamzito, walibaki, na nyumba yao ikawa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Binti aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka huo, Elisabeth, alifariki mwaka 1528 kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, 1529, Katekisimo Ndogo ilichapishwa, nayo iliandikwa hasa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1542 binti yao mwingine, Magdalena, alifariki akiwa na umri wa miaka 13. Mtu aliyewafundisha Walutheri wote namna ya kuomba nyumbani alikuwa baba aliyezika mabinti wawili, na mkewe alikuwa mama aliyekaa na wagonjwa wakati wengine walipokimbia.

Mama wa Balangdalalu aliyeketi katika nyumba iliyotengwa huenda hakujua habari za Katharina. Hata hivyo alifanya jambo lile lile, kwa sababu ile ile.

Ardhi inapoondoka

Jaribu la tatu lilikuwa la nchi nzima, na lilikuwa gumu zaidi kwa kuwa halikutoka kwa wapagani wala kwa mashetani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, uwanda wa Basotu ulichaguliwa kwa kilimo kikubwa cha ngano. Shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba saba yaliyofikia jumla ya ekari zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na kwa hesabu ya taifa ardhi ile ilionekana kuwa tupu. Kwa Wabarabaig haikuwa tupu. Ilikuwa malisho yao bora ya kiangazi, nayo ilikuwa na makaburi ya wazee wao yaliyoinuliwa kwa ibada ya bung'eda, ambayo kwa mila yao hayaguswi.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilifika Hanang kama ilivyofika kwingine Tanzania. Familia zilizozoea kuhama na mifugo ziliamriwa kukaa mahali pamoja. Mwaka huo na uliofuata nchi ilipatwa na ukame na upungufu mkubwa wa chakula. Nyumba nyingi zilianza maisha ya kijijini zikiwa na ng'ombe waliokonda na ghala tupu.

Wanavijiji hawakukaa kimya. Mwaka 1981 Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wenzao 67 walilishtaki shirika hilo mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Ilisema Baraza la Kijiji halikuonyesha kwamba lilikuwa limegawiwa ardhi ile kisheria, na kwamba wanavijiji wengi hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Watu waliozaliwa chini ya Mlima Hanang, ambao baba na babu zao wamezikwa pale, walitakiwa kuthibitisha kwamba wao ni wenyeji. Miaka kadhaa baadaye serikali iliunda tume ya kuchunguza malalamiko hayo, na katika miaka ya 2000 mashamba yalipobinafsishwa sehemu ya ardhi ilirudishwa kwa vijiji. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimekua kikiitazama ngano kwa upande wa nje wa mpaka.

Swali lililozikabili familia za Kikristo katika miaka ile halikuwa jepesi. Ndani ya sharika za Hanang waliketi pamoja mkulima wa Kiiraqw aliyenufaika kwa nchi kufunguliwa, kibarua aliyesomesha watoto kwa mshahara wa shamba la ngano, na mfugaji aliyepoteza malisho. Wote watatu waliomba ombi la nne la Sala ya Bwana, lile linalohusu riziki ya kila siku. Luther katika Katekisimo aliufafanua mkate huo kuwa si chakula tu, bali ni pamoja na shamba, mifugo, nyumba, mwenzi mwema, serikali njema, na hata jirani mwema. Kwa mafundisho hayo, mtu hawezi kumwomba Mungu ampe mkate pasipo kumwombea pia jirani yake malisho.

Haisemwi kwamba swali hilo lilipata jibu katika kila usharika. Mara nyingi lilinyamaziwa. Lakini zilikuwapo nyumba zilizolijibu kwa vitendo vidogo. Mkulima alimwachia mfugaji njia ya kupitisha ng'ombe kwenda kunywa maji. Mfugaji alimkopesha jirani yake ng'ombe wa maziwa wakati wa njaa. Watoto wa makabila mawili waliketi benchi moja la kipaimara, na baadaye baadhi yao wakaoana. Hapo ambapo zamani palikuwa na mkuki na jembe, pakawa na wakwe. Amani ya Hanang ilijengwa na nyumba za namna hiyo kabla ya kujengwa na mikutano.

Jumapili ya kwanza ya Majilio

Jaribu la nne lilikuja katika siku ambazo wengi wanazikumbuka. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa nguvu hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, ikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na maelfu waliachwa bila makazi. Siku ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kwa Walutheri ni siku ya kuanza mwaka mpya wa Kanisa, siku ya kuwasha mshumaa wa kwanza wa kumngojea Bwana.

Mlima ule ambao wenyeji waliutazama ili waone mvua, ambao mito yake iliwanywesha watu na mifugo, ndio uliofunika nyumba. Katika wilaya nzima, hata kata ambazo tope halikufika, hakukuwa na familia isiyomjua mtu aliyepatwa. Majeshi, serikali na wananchi waliokoa waliowezekana kuokolewa. Madhehebu yote, Wakristo kwa Waislamu, walizika pamoja na kugawana blanketi na unga. Baadaye nyumba mpya zilijengwa kwa ajili ya waathirika mbali na njia ya tope.

Katika siku zile swali la zamani lilirudi. Je, waliokufa walikuwa wenye hatia kuliko wengine? Babu zao wangeweza kusema kwamba nyumba zilizopatwa zina metimani, zitengwe. Lakini jambo lililotokea lilikuwa kinyume. Watu walikwenda kwa wafiwa, wala hawakuwakimbia. Mayatima walichukuliwa na ndugu na majirani. Waliopoteza kila kitu walikaribishwa kulala na kula katika nyumba za wengine. Si Wakristo peke yao waliofanya hivyo, wala Kanisa halidai sifa hiyo. Lakini anayeijua historia ya nchi ile hatakosa kuona kwamba mikono iliyowashika wafiwa wa mwaka 2023 ilikuwa imezoezwa kwa miaka mingi. Bibi aliyethubutu kuketi katika nyumba ya aliyetengwa, naye akasemwa kwa ajili hiyo, aliacha urithi ambao wajukuu wake waliutumia bila hata kuujua.

Urithi kwa kizazi kijacho

Kitabu cha Ruthu kinasimulia habari za familia iliyotoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, ikafiwa ugenini, na kurudi ikiwa na wajane wawili tu, mmoja wao akiwa mgeni wa taifa jingine. Katika nyumba hiyo iliyovunjika alitoka ukoo wa Daudi, na katika ukoo wa Daudi alizaliwa Kristo. Watu wa Balangdalalu huielewa hadithi hiyo bila maelezo mengi. Wanajua njaa ni nini, wanajua kuhama ni nini, na wanajua mwanamke wa kabila jingine awezavyo kuwa nguzo ya nyumba.

Vijana wa leo wana majaribu yao. Ardhi imegawanywa mara nyingi, na urithi wa mtoto wa mwisho huwa ni kipande kisichotosha kulisha mbuzi. Wengi huenda Babati, Arusha, Dar es Salaam, au kwenye machimbo ya Mererani, na wengine hurudi wakiwa na fedha, wengine wakiwa na ugonjwa, na wengine hawarudi. Ndoa zinafungwa kwa kuchelewa na kuvunjika mapema. Wazazi hulalamika kwamba sala ya jioni imekufa, na simu imechukua nafasi ya katekisimo. Malalamiko hayo yana kweli ndani yake. Lakini wazee wa kizazi cha kwanza nao hawakupewa nyakati rahisi. Walianza wakiwa hawana mfano, hawana kitabu kwa lugha ya mama, na mara nyingi hawana ng'ombe wala shamba. Walichokuwa nacho ni ahadi ya Mungu na mlango ambao hawakuufunga mbele ya jirani mwenye msiba.

Yubilei ya miaka mia moja ni siku ya shukrani, nayo ni siku ya hesabu. Mabati na kengele vitahesabiwa, na majina ya watumishi yatasomwa. Inafaa pia zihesabiwe nyumba ambazo aliyefiwa aliweza kuziingia bila kuogopwa, na meza ambazo Mwiraqw na Mbarabaig walikula pamoja. Nyumba hizo ndizo zilizolibeba Kanisa katika miaka ya taabu, na kwa neema ya Mungu ndizo zitakazolibeba katika miaka mia ijayo. Jina la Bwana litukuzwe kwa ajili ya waliozijenga, na kwa ajili ya wale ambao bado wanazijenga, chini ya Mlima Hanang na mahali pengine popote.